Cheti Kilichopigwa Draya

Shule iliyonikubali nikafundishe Kiingereza iko Thailand, Nakhon Ratchasima, mkoa ulio kaskazini mashariki mwa Bangkok, na muhula wao huanza katikati ya Mei. Orodha yao ya makaratasi haikutisha. Walitaka pasipoti, shahada, alama za chuo, cheti cha tabia njema kutoka kwa polisi, na matokeo ya TOEIC, mtihani wa kupima Kiingereza, yasiyopungua alama 600 kati ya 990. Hilo la mwisho ni kwa sababu Mkenya hahesabiwi mzawa wa Kiingereza, hata kama Katiba yake ya 2010 imekifanya lugha rasmi na yeye mwenyewe alikichapiwa bakora tangu darasa la kwanza. Sawa. Nilifanya mtihani, nikapita. Kilichonitoa jasho ni mstari mmoja pale chini: shahada ipigwe mihuri Kenya, kwenye Wizara ya Mambo ya Nje, kisha ipitishwe ubalozi wa Thailand.

Asiyewahi kuyapitia haya hudhani mihuri ni ya kuthibitisha kwamba umesoma. Thubutu! Wizara haijali umesoma nini. Inachosema ni kwamba saini iliyo kwenye karatasi ni ya mwenyewe. Ubalozi nao unasema saini ya afisa wa wizara ni ya mwenyewe. Muhuri unautolea ushahidi muhuri uliotangulia, mfano wa mashahidi wa harusi ambao hata mmoja hajamwona bwana harusi. Nchi zilizojiunga na Mkataba wa Hague wa 1961 zimeufupisha mlolongo huo kati yao ukawa cheti kimoja kiitwacho apostili. Jirani zetu Burundi wamo tangu 2015. Kenya na Thailand, wakati nikizunguka na bahasha yangu, zote mbili zilikuwa nje.

Cheti cha tabia njema kilinisumbua kidogo tu. Unalipa shilingi 1,050 kwenye eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, unachapisha fomu ya C24, unaenda Huduma Centre, kituo cha huduma hizo hizo, unapakwa wino vidole vyote kumi. Siku hiyo nilikula viazi karai kwa uma, watu wa kibandani wakanitazama wakidhani nimerudi kutoka Ulaya.

Shahada sasa. Nilipanda treni ya usiku kutoka Miritini, Mombasa, shilingi 1,500 kiti cha kawaida, magoti yangu yakiwa yamegusana na ya mzee mmoja mpaka Syokimau, pembeni mwa Nairobi. Asubuhi nikawa dirishani kwa karani wa wizara, mtu mpole wa umri wa babangu mdogo, nikampa cheti. Akakigeuza. Akakigeuza tena. Akakigonga kwa ukucha, kikalia ta, ta, ta.

"Kijana, nani amekifanyia hivi?"

Nikasema ni mamangu.

Naomba msimhukumu mamangu kabla ya kumsikiliza. Sisi tunakaa Mombasa, mji ambao karatasi ikilala nje ya kabati usiku mmoja inaamka imelegea, na ndani ya kabati kuna mende. Cheti chake cha ndoa kililiwa na mchwa, na babangu, Mungu amrehemu, alikuwa akimtania kwamba sasa hana ushahidi. Tangu hapo mamangu aliapa kwamba hakuna karatasi itakayoingia nyumba ile bila kupigwa laminesheni. Kadi yangu ya kliniki ina laminesheni. Picha ya marehemu bibi ina laminesheni. Risiti ya friji ina laminesheni, na friji yenyewe ilishakufa. Jioni ya mahafali yangu, watu wakiwa bado wanakula pilau, yeye alikwishafika Mwembe Tayari na kurudi, shahada ikiwa imevishwa plastiki nene ambayo hata mvua ya masika isingeipata.

Karani hakubishana. Alichukua muhuri, akaugonga kwenye kona ya plastiki, akapitisha dole gumba. Jamhuri ya Kenya yote ikahamia kidoleni mwake.

"Umeona? Wino haushiki hapa. Nenda ukaitoe, lakini pole pole. Mimi nahitaji upande wa nyuma peke yake."

Nyuma peke yake. Maneno hayo niliyakariri treni nzima nikirudi.

Kijana wa saiba jirani na kwetu ndiye aliyenipa dawa: gundi ya laminesheni inashikwa kwa moto, na kwa moto ndiyo inaachia. Pasi alinikataza, itaunguza. Akasema nitafute hewa ya moto. Na mtaani kwetu Majengo, hewa ya moto ya kuaminika iko mahali pamoja, kwenye saluni ya shangazi yangu.

Ila saluni ya shangazi ni ya kike. Mlangoni kuna pazia zito la kijani, na juu ya pazia kibao: WANAUME HAWARUHUSIWI KUINGIA. Shangazi hana mchezo na kibao chake. Babu yangu mwenyewe alizuiliwa pale, akaambiwa chakula chake kitaletwa nje. Nikakaa kwenye benchi, nikaingiza mkono na cheti ndani ya pazia mpaka kwenye kiwiko, nikahisi mtu amekipokea.

"Shangazi! Upande wa nyuma peke yake!"

"Nimekusikia, sina uziwi."

Draya ikaanza kuvuma. Kwa sauti nilizozisikia, ndani mlikuwa na wanawake sita au saba: bibi harusi aliyekuwa akikausha piko mikononi na miguuni, kwa hiyo hawezi kugusa kitu ila anaweza kuamrisha kila kitu, mashoga zake, na mtu mmoja mwenye sauti nzito chini ya draya kubwa ya kukalia. Kwa dakika chache kazi ilienda vizuri. Nilisikia plastiki ikichanika, chrrr, na shangazi akisema, "Bismillahi, inatoka."

Halafu nikasikia, "Hebu tuone alichosomea."

Hapo ndipo moyo ulinienda mbio. Kwetu sebuleni shahada ile ilitundikwa juu kabisa, karibu na dari. Mgeni alikuwa anaonyeshwa kutoka mbali, anaambiwa "hiyo ndiyo digrii, fasti klasi," basi. Hakuna aliyewahi kuletewa ngazi.

"Bachelor of Education," akasoma shoga mmoja, Kiingereza safi kuliko changu. "Arts. Sekondi Klasi..."

Draya ikazimwa.

"Sekondi?"

"Sekondi Klasi, Lowa Divisheni."

Kimya. Halafu bibi harusi akauliza, taratibu, "Lowa Divisheni ndiyo ile timu ikishashuka daraja?"

Sitaandika kicheko kilichofuata. Mwenye kuuza mahamri ng'ambo ya barabara alisimama kuangalia kuna nini. Mimi nilibaki nimetazama viatu vyangu, nikipiga kelele kila mara kujikumbusha kwa nini niko pale: "Nyuma peke yake, shangazi! Mbele wacheni!"

Ndipo ile sauti nzito chini ya draya kubwa ikasema, "Huyo kijana nje si yule wa darasa langu la sita?"

Nikaitambua. Mwalimu wetu wa Kiingereza, mstaafu sasa, mwanamke ambaye hata leo nikisikia hatua zake naficha mikono.

"Ndiye mimi, Mwalimu. Shikamoo."

"Marahaba. Unakwenda kufundisha Kiingereza?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Taja wingi wa ng'ombe dume aliyehasiwa."

Nawaambia ukweli: tangu nianze safari ile ya makaratasi, wino, mihuri na malipo, hakuna afisa aliyenisemesha Kiingereza hata neno moja. Mtu wa kwanza kunipima ana kwa ana alikuwa amefungwa rola kichwani, nyuma ya pazia, Majengo. Nikakaa sawa kwenye benchi. Nikalitaja. Akaniuliza wingi wa bata bukini, nikautaja. Wa jino, nikautaja. Wa kondoo, akidhani ataninasa, nikamwambia haubadiliki.

"Haya," akasema Mwalimu, "huyu anajua. Mpeni cheti chake."

Ndani pakawa kimya cha namna nyingine.

"Shangazi?"

"Mwanangu," akasema shangazi, na mimi tangu nizaliwe sijapata kumsikia akitumia sauti ile, "wewe ulisema nyuma. Lakini hii kitu ukiitazama, nyuma ni ipi?"

Kumbe walipomaliza upande wa kwanza, na ulitoka vizuri kabisa, mashoga wa bibi harusi waliona haya kuniachia kazi nusu. Bibi harusi akaamrisha, wakavuta na upande wa pili. Cheti kikatolewa kwenye pazia kwa mikono miwili, kwa heshima, kikifuatwa na kipande cha plastiki. Nikakikagua. Jina langu lipo. Chuo kipo. Sekondi Klasi, Lowa Divisheni, ipo, nyeusi ti, haikutetereka hata nukta. Kilichokosekana ni saini ya mkuu wa chuo. Ilibanduka na plastiki, nikiinyanyua juani naiona, imegeuka kinyume.

Na kumbukeni mlolongo ule. Kitu pekee ambacho wizara inashuhudia ni saini.

Chuo kikaniambia kinaweza kunipa nakala iliyothibitishwa, nikileta taarifa ya polisi na kiapo cha wakili. Nikaenda kituoni. Askari akafungua kitabu cha matukio.

"Cheti kimepotea?"

"Hapana afande, hiki hapa."

"Basi hakuna ripoti."

"Saini ndiyo iliyopotea."

"Imepotelea wapi?"

"Kwenye plastiki. Hii hapa."

Akaiangalia plastiki. Akaniangalia mimi. "Kwa hivyo nayo haijapotea."

Tukaenda hivyo kwa muda, foleni nyuma yangu ikirefuka, mpaka mama mmoja aliyekuja kuripoti kuku wake akasema kwa hasira, "Si uandike imeharibika!" Ikaandikwa imeharibika. Yule mama sikumjua, na kuku wake sijui alimpata au la, lakini namwombea mpaka leo.

Wakili alikuwa mtu makini. Aliandika huku anauliza, hacheki, nami nikadhani yamekwisha salama mpaka aliponisomea. Kiapo kilikuwa kwa Kiingereza cha mahakama. Maana yake ilikuwa hivi. KWAMBA mimi ni mwanamume mtu mzima mwenye akili timamu na hivyo nastahili kuapa kiapo hiki. KWAMBA mamangu mzazi, kwa nia njema na kwa kuhofia mchwa, alikipiga cheti changu laminesheni. KWAMBA nilikipeleka kwa hiari yangu kwenye saluni ya wanawake ambamo sikuingia. KWAMBA kilipulizwa hewa ya moto na watu ambao siwezi kuwatambua kwa sura. KWAMBA saini ilibanduka. KWAMBA hayo yote ni kweli kwa kadiri ya ujuzi na imani yangu.

"Hilo la saluni lazima liwemo?" nikauliza.

"Unaapa," akasema. "Ukweli hauchaguliwi."

Chuo kikatoa nakala, saini mpya, muhuri mpya. Lakini msajili aliongeza mstari mdogo pale chini: imetolewa badala ya asili iliyoharibika, tazama kiapo. Mstari ule ulinimaliza. Kila nilipokwenda, mtu anasoma nakala, anafika chini, ananyoosha mkono: "Kiapo kiko wapi?" Na kwa kuwa kiapo sasa ni sehemu ya shahada, nacho lazima kithibitishwe. Saini ya wakili ikashuhudiwa. Aliyeishuhudia naye akashuhudiwa. Karani wangu mpole wa Nairobi alikisoma chote amesimama, akamwita mwenzake wa dirisha la pili, naye akakisoma, kisha akakigonga muhuri nyuma, mbele, na kwenye kona, kwa nguvu, akapitisha dole gumba kuhakikisha. Haukufutika. Katika bahasha yangu yote hakuna karatasi iliyobeba mihuri mingi kuliko ile ya saluni.

Ubalozini nilimkabidhi dada wa dirishani nikakaa. Akasoma akiwa mkavu. Akaingia ndani na bahasha. Baada ya muda nikasikia vicheko nyuma ya kioo, watu wengi, kisha akarudi akiwa mkavu vilevile, akanipa risiti na tarehe ya kuja kuchukua. Nilipogeuka kuondoka akaniita.

"Samahani kaka. Hiyo saluni, harusi wanapamba?"

Nikampa namba ya shangazi.

Viza ilitoka, ile ya kazi ya siku 90 ambayo huongezwa ukishafika. Wiki ya kuondoka mamangu akaita watu nyumbani kwa dua. Wakaja majirani, akaja shangazi, akaja hata bibi harusi, piko bado haijatoka mikononi. Baada ya dua, sinia za biriani zikiwa zinapita, jirani yetu wa nyumba ya pili, ambaye hakuwepo saluni lakini Majengo hakuna asiyekuwepo, akaguna akasema mbele ya wote, "Lakini mama, si ulituambia fasti klasi?"

Mamangu hakuinua hata kichwa. Aliendelea kupakua.

"Alikwenda," akasema. "Akakuta imejaa."