Friji Limeniuma Tena

Asubuhi hii friji limeniuma. Sisemi limenishtua, maana kushtuka ni kwa mara moja. Hili limeniuma kama lina kisa na mimi. Na kosa langu ni nini? Nilisahau kandambili. Humu ndani kila mtu anajua friji haliguswi peku. Mgeni akija, kabla hajaonyeshwa choo anaonyeshwa kandambili za friji: wa kushoto nyekundu, wa kulia bluu, na hakuna anayeuliza.

Usinicheke. Na wewe unayo swichi unayoibonyeza kwa kiwiko. Taa yangu ya bafuni inawaka ukiupiga ukuta kofi, si popote, ni chini kidogo ya ile alama ya kahawia. Soketi ya sebuleni ilinuka samaki mwezi mzima, tukamsingizia paka. Kumbe waya ukilegea ndani ya soketi unapata moto, na plastiki yake ikianza kuungua hunuka vilevile. Paka alishahamia kwa jirani. Sijamwomba radhi.

Mke wangu akasema leo aitwe fundi umeme, au yeye aondoke nibaki na friji langu.

Fundi akaja, kijana mpole, tochi kichwani, ananiita "mzee" kwa sauti ya kunipa pole. Akafungua sanduku la meni swichi. Akanyamaza. Mafundi wote wana kimya hiki. Daktari akinyamaza hivyo, unaandika wosia. Akatoa simu akapiga picha. Akasogea karibu, akapiga ya pili.

"Mzee, nani alikufanyia hii?"

"Kuna fundi mmoja hivi," nikasema. "Wa zamani."

Akachomoa fyuzi, ile ya kaure, akaniwekea kiganjani. Mahali pa uzi mwembamba wa ampea 15 palikuwa na shaba nene, imesokotwa mara tatu, ncha zimekunjwa. Kusema haki, ilisokotwa vizuri.

"Kazi ya fyuzi ni kufa ili nyaya za ukutani zipone," akasema. "Hii haifi. Nyumba itateketea, hii itaokotwa kwenye majivu nzima. Huyo fundi alikuwa mlevi?"

"Hakuwa mtu wa pombe," nikasema, haraka kidogo.

"Basi alikuwa na matatizo."

"Labda fyuzi ilikuwa inamkatikia kila siku, akachoka."

"Ilikatika kwa sababu ya yale." Akanyoosha kidole kwenye ekstensheni: birika, pasi, chaja nne, na kitu cheusi ambacho hakuna anayekumbuka ni cha nini. "Birika wati 2000. Gawa kwa volti 230, karibu ampea 9. Pasi nayo hivyohivyo. Ekstensheni imeandikwa 13. Tisa na tisa ni ngapi, mzee?"

Mimi mtu mzima, mwenye wajukuu, nimesimama kwangu mwenyewe naulizwa tisa na tisa.

"Kumi na nane."

"Huyo fundi wako hesabu alijua?"

"Hesabu zilimpiga chenga," nikakiri.

Tukatoka nje kutafuta waya wa ethi, ule wa kushusha umeme ardhini. Tukaupata umefungwa kwenye bomba la maji, kama walivyofanya wa kale, enzi bomba lilipokuwa chuma na chuma kikishuka ardhini. Ila chuma kilishaondolewa, likawekwa la plastiki. Waya umebaki umelikumbatia plastiki miaka yote hii, kwa uaminifu, bila faida.

"Kwa hiyo friji likivujisha umeme, umeme hauna pa kushukia ardhini," akasema. "Una njia moja tu." Akaniangalia miguu. "Na bomba nalo alibadilisha yuleyule?"

"Yuleyule," nikasema. Nilishaamua kuwa upande wake. "Mwendawazimu kabisa. Watu kama wale wafungwe."

Mjukuu wangu, aliyekuwa ametufuata na tochi bila kutumwa, akasema: "Babu, si wewe? Waya si uliukata kwenye ile redio?"

Fundi hakucheka. Heri angecheka. Alirudi kwenye sanduku akapiga picha ya tatu, safari hii na mimi nimo.

Basi likafungwa sanduku jipya, kikachimbiwa chuma cha ethi. Breka, zile swichi za kujikata zenyewe badala ya fyuzi, anasema, zinalinda waya. Anayelindwa na RCD, kifaa cha kukata umeme unaovuja, ni mimi: kikiona miliampea 30 zimepotea njia, kinakata kabla sijamaliza kusema "aa". Miliampea 30 ni umeme wa taa ndogo ya wati 7, na ukizidi hapo ukakaa mwilini, moyo unaweza kupoteza hesabu ya mapigo. Kina na kitufe cha kujaribia, kibonyezwe kila baada ya miezi michache. Wajukuu wamekibonyeza mara kumi na moja tangu saa nane.

Sasa kifaa kinaona. Kinaona mno! Friji likichomekwa, pap. Taa za juu zikiwashwa, pap. Eti friji linavuja, eti nyaya za ukutani zimevikwa mpira wa zamani unaopukutika ukiguswa, eti nyutro ya taa za juu, ule waya wa kurudishia umeme, imeazimwa kwenye laini ya chini. Yaani hata nyaya zangu zinaishi kwa kukopa.

Jamani, miaka yote nilipigwa shoti, lakini nilipigwa shoti mchana kweupe, taa zinawaka, maji yanachemka! Leo niko salama na mkono wangu mwenyewe siuoni. Na kuta zote zitapasuliwa, chumba baada ya chumba, na mke wangu ameshaanza kuuliza baadaye zitapakwa rangi gani, kwamba ile ya sasa hakuwahi kuipenda, kwamba aliichagua nani? Aliichagua yule fundi wa zamani, nikamjibu. Hakucheka na yeye.

Halafu kuna ile swichi ya nyuma ya kabati. Haijawahi kuwasha kitu. Fundi alitoa kifuniko chake, akachungulia, akakirudisha polepole, akasema, "Hii usiiguse mpaka nirudi kesho." Hakusema kwa nini. Simu yangu ina chaji asilimia 9, mkono unaniwasha, na mke wangu amenigeuzia kiti nikae natazama ukuta wa upande wa pili.