Damu ya kitovu: akiba ya nani?

Mpwa wangu anayeishi Donholm ana mimba ya miezi minane. Juzi alipotoka kliniki alipewa karatasi ya kampuni inayohifadhi damu ya kitovu, akanipigia simu. "Shangazi, wanasema nisipoiweka nitakuwa nimemnyima mtoto kinga ya maisha. Na bei yenyewe inapita kodi yangu ya miezi mingi." Alisema kama mtu aliyeshtakiwa kabla hata hajazaa.

Naona mazungumzo yetu hapa Nairobi yanaanzia pabaya. Tunabishana iwapo mzazi aiweke damu hiyo au iachwe itupwe. Kumpa mgonjwa mwingine hakutajwi, na kukitajwa, wengi hufikiri ni biashara ya damu.

Wanaohimiza kuweka wana msingi. Damu inayobaki kwenye kitovu na kondo la nyuma ina seli shina zinazotengeneza damu, zilezile zinazotafutwa kwenye uboho. Mwaka 1988 huko Paris, Eliane Gluckman na wenzake waliipandikiza kwa mvulana mwenye upungufu wa damu wa Fanconi, ugonjwa wa kurithi unaoharibu uboho, akapona. Tangu hapo imepandikizwa zaidi ya mara 40,000 duniani. Lakini damu aliyopewa mvulana yule haikuwa yake. Ilitoka kwenye kitovu cha dada yake mchanga. Ya kwake ingebeba kasoro ileile iliyomuuguza. Ndivyo ilivyo kwa selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu unaozitesa familia za Kisumu, Busia na Kilifi: damu ya kitovu cha mtoto mgonjwa, kama ilivyo, haimponyi yeye mwenyewe. Hata saratani ya damu ya utotoni, chanzo chake mara nyingine kimo tayari katika damu hiyo. Ndiyo maana chama cha madaktari wa watoto cha Marekani, katika msimamo wake wa 2017, kiliunga mkono benki za umma, ambako damu hutolewa kwa mgonjwa yeyote anayelingana nayo, kuliko akiba binafsi.

Kuna takwimu isiyonitoka kichwani. Sajili ya Marekani ya watoaji uboho inasema mgonjwa mweupe ana nafasi ya asilimia 79 ya kumpata mtu anayelingana naye. Mgonjwa mweusi ana asilimia 29. Maana yake, kati ya weusi 10, karibu 7 wanaambiwa hajapatikana, na hiyo ni katika nchi yenye watoaji walioandikishwa kwa mamilioni. Tena Wamarekani weusi wengi asili yao ni Afrika Magharibi na ya Kati. Afrika ndilo bara lenye tofauti nyingi zaidi za kijenetiki duniani. Sasa Mkamba wa Machakos au Mjaluo wa Siaya atampata nani kwenye sajili ile?

Hapo ndipo damu ya kitovu inaposaidia, kwa sababu ina usamehevu. Uboho wa mtu asiye ndugu hudai ulinganifu wa karibu sana, lakini damu ya kitovu inaweza kufaa hata zikilingana alama 4 kati ya 6 za kwenye seli ambazo mwili huzitumia kutambua kilicho chake. New York walianza benki yao ya umma mwanzoni mwa miaka ya 1990. Nikiifikiria Pumwani, hospitali iliyozalisha akina mama wa kila jamii tangu 1926, naona michanganyiko ya alama hizo ambayo benki za ng'ambo hazina.

Wanaopinga nawaelewa. Nchi inayohangaika kupata damu ya kumwongezea mama anayevuja damu baada ya kujifungua itawezaje kugharamia matangi ya nyuzi 196 chini ya sufuri? Tena siku hizi mzazi anayelingana nusu tu anaweza kumtolea mwanawe uboho, na hospitali nyingi duniani zimehamia huko. Kitovu kimoja nacho mara nyingi hakina seli za kumtosha mtu mzima. Hoja hizi ni nzito, ingawa si kila mgonjwa ana mzazi aliye hai au mwenye afya ya kutoa.

Na kabla ya mgonjwa yeyote kuna mtoto mwenyewe. Shirika la Afya Duniani linataka kitovu kisikatwe kabla ya dakika 1 hadi 3 kupita. Katika muda huo mililita 80 hadi 100 za damu humwingia mtoto na kumkinga na upungufu wa madini ya chuma. Anayekata mapema ili ajaze mfuko wa kukusanyia damu anamwibia mtoto. Kitolewe kinachobaki, hata kikiwa kidogo.

Kwa hiyo nisingeanza na benki kubwa. Ningeanza na mama mwenye mtoto wa selimundu ambaye ana mimba nyingine. Mtoto ajaye ana nafasi 1 kati ya 4 ya kulingana na nduguye. Ukiondoa uwezekano kwamba naye atazaliwa mgonjwa, ambao pia ni 1 kati ya 4, zinabaki 3 kati ya 16. Familia inayouza shamba ili mtoto akapandikizwe uboho India haitasema nafasi hizo ni chache. Hata madaktari wanaopinga akiba binafsi wanakubali kumwekea ndugu aliye tayari mgonjwa.

Mpwa wangu hakulipa. Alimuuliza muuguzi kama kuna mahali anapoweza kuitoa damu hiyo. Muuguzi, kwa upole, alimwambia ana chaguo mbili: aombe kondo lake akalizike kwao Kitui, au liende kwenye ndoo nyekundu na kutoka hapo tanurini.