Nyimbo za bendi za Tabora kwenye flashi: ni za nani?

Tabora mjini, anayetaka nyimbo za Tabora Jazz, Nyanyembe Jazz au Kiko Kids humfuata kijana mwenye kompyuta na spika kibandani. Unampa flashi, anakuingizia, unalipa. Waliotunga na warithi wao hawaoni hata senti.

Kijana ana utetezi, nami siupuuzi. Atanunua wapi nakala halali? Nyimbo nyingi za bendi hizo zilirekodiwa Radio Tanzania na kanda zikabaki Dar es Salaam. Zimewafikia wajukuu kwa sababu watu walinakiliana mkono kwa mkono. Bila hao, nyingi zingekuwa zimesahaulika.

Lakini anaposema "za zamani hazina mwenyewe", hapo anakosea. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inamlinda mtunzi tangu anapotunga. Kusajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania, si sharti, ila kunasaidia ushahidi ugomvi ukizuka. Ulinzi unadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo. Mtunzi aliyefariki 1990, familia yake ina haki hadi 2040. Haki ya waimbaji, wapigaji na aliyegharamia kurekodi ni nyingine, ndiyo hakishiriki, na miaka yake haihesabiwi kuanzia kifo cha mtunzi. Kwa hiyo haki ya rekodi inaweza kwisha huku ya mtunzi ingali hai. Ni mashairi na muziki vinavyolindwa, si wazo: kuimba habari za treni ya Kigoma ni ruksa kwa kila mtu.

Kujinakilia wimbo kwa matumizi yako binafsi sheria inaruhusu, kwa mipaka. Kuuza nakala ni biashara, na biashara ina mwenye mali.

Mimi nasimama na warithi. Hata hivyo sioni faida ya msako: kumnyang'anya kijana kompyuta hakumpatii mjane wa mtunzi chochote. Leseni nafuu ya vibanda, pamoja na orodha ya nyimbo zilizonakiliwa, ingempa kitu. Kigumu zaidi ni ushahidi, maana nyimbo nyingi zilijulikana kwa jina la bendi tu. Wazee waliopiga wakati ule waulizwe sasa nani alitunga nini, na majibu yaandikwe. Na tusianzie kibandani. Tuanze na baa na redio zinazopiga nyimbo hizo kuvutia wateja na matangazo, kwa sababu zina uwezo wa kulipa.