Gavana akizindua jengo, muulize muuguzi anakuja lini

Kila mwaka Wakenya tuna msimu wa kelele za mgao, yaani pesa ambazo serikali kuu inagawia kaunti. Maseneta wanataka kaunti ziongezewe, wabunge wanasema hazina imekauka, magavana wanatishia kufunga ofisi, mwishowe inaundwa kamati ya upatanishi watu wanajifungia mahali na wanatoka na namba. Mwaka wa kwanza wa ugatuzi, 2013/14, namba ilikuwa shilingi bilioni 190. Ya 2025/26 ni bilioni 415. Tunashangilia ama tunanung'unika, halafu mtoto akishikwa na homa usiku tunampeleka dispensari ile ile tunaambiwa dawa zimeisha nendeni mnunue nje.

Mimi sisemi hiyo vita ya mgao haina maana. Ina maana sana. Shida yangu ni kwamba tukishapewa namba tunaenda kulala, na pesa zinaharibikia hapo katikati, kati ya namba na dispensari. Zinachelewa, na zikifika zinakimbilia kwa saruji na mabati bila mtu kuuliza hilo jengo nani ataliendesha.

Na kabla mtu hajakuja kuniambia ati ugatuzi ulikuwa makosa, hapana, wenye husema hivyo wengi wao walizaliwa karibu na lami. Sessional Paper nambari 10 ya 1965, waraka wa sera wa serikali, ilisema waziwazi kwamba pesa za maendeleo ziende pale zitakapozaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri na mvua, penye barabara na stima tayari. Sasa kama wewe ni wa Turkana ama Wajir ama Tana River ulikuwa unaambiwa ngoja, wenzako wakishiba makombo yatakufikia, na watu walingoja mpaka wakazeeka. Ndio maana Katiba ya 2010 ikaandika kwa kifungu cha 203 kwamba kaunti zote 47 kwa pamoja zisipate chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa, na kifungu cha 204 kikaweka hazina nyingine ya nusu asilimia ya maji, barabara, afya na stima kwa maeneo yaliyoachwa nyuma. (Hiyo ya pili imetembea polepole mpaka inaudhi, lakini tuiache, ni makala yake yenyewe.)

Mnakumbuka 2020? Seneti walikwama na fomula ya kugawia kila kaunti pesa yake, wakarudi ukumbini mara baada ya mara, upande mmoja unasema mtu mmoja shilingi moja, upande wa pili unasema eti nyinyi mna watu wengi lakini sisi kutoka boma moja hadi hospitali ni safari ya siku nzima. Ilikuja kuisha baada ya serikali kukubali kuongeza bilioni 53.5 ili hakuna kaunti ipoteze, ndio mgao ukatoka 316.5 ukaingia 370. Ulikuwa mjadala mtamu, hata mama mboga alikuwa anaufuata kwa redio. Natamani tungekuwa na moto kama ule kwa kitu kinachofuata, yaani hizo pesa zinaingia lini na zinafanya nini.

Kuhusu lini, kifungu cha 219 kinasema kaunti ipewe haki yake bila kucheleweshwa bila sababu na bila kukatwakatwa. Lugha tamu. Ukweli ni kwamba malimbikizo ya miezi miwili mitatu yamekuwa kawaida, na mwaka wa pesa ukikaribia kuisha mwezi wa Juni ndio mafungu yanashuka kwa pamoja, kaunti nzima inakimbizana na IFMIS, ule mfumo wa kompyuta wa malipo ya serikali, usiku na mchana kulipa kabla mlango ufungwe. Pesa iliyolipwa kwa mbio hivyo huwezi kuniambia ilikaguliwa vizuri. Na ile isiyowahi inageuka deni, ndio maana bili za kaunti ambazo hazijalipwa zimezidi bilioni 170. Nyuma ya hizo bilioni kuna kontrakta mdogo wa mashinani aliyekopa benki kuchimba kisima, na kuna supplaya wa unga wa shule za chekechea ambaye sasa akiona tenda ya kaunti anageuza uso, ama anaongeza bei juu kabisa kwa sababu anajua atalipwa akiwa ameshasahau. Hivyo tunanunua kila kitu ghali kuliko wewe na mimi tungenunua dukani.

Sasa tuje kwa majengo. Kuna dispensari moja nilipitia, kaunti sitaitaja. Ukutani kuna kile kibao cheusi cha marumaru, jina la mheshimiwa gavana, jina la MCA (mjumbe wa wadi kwa bunge la kaunti), tarehe ya uzinduzi, herufi za dhahabu. Vyumba vinne, kimoja kimefunguliwa. Muuguzi ni mmoja, yeye ndiye anaandika kadi, anapima, anadunga, anatoa dawa, na akienda semina ama akiugua mlango unafungwa na karatasi imegandishwa na selotepu. Friji ya chanjo ipo lakini stima ilikatwa, kwa hivyo siku ya kliniki ya watoto chanjo inaletwa na bodaboda ndani ya kile kisanduku cha barafu, na bodaboda akichelewa kina mama wanangoja kwa benchi mpaka saa nane. Chumba cha kujifungulia kina kitanda kipya bado kiko na nailoni.

Hilo jengo kwa ripoti ya kaunti limehesabiwa kama maendeleo. Sheria ya usimamizi wa fedha za umma ya 2012 inataka angalau asilimia 30 ya bajeti iende kwa maendeleo, na ni sheria nzuri, iliwekwa ili mishahara na safari za waheshimiwa zisimeze kila kitu, na kusema kweli kaunti nyingi hata hiyo 30 haziifikii. Lakini mshahara wa muuguzi, bili ya stima, dawa, mafuta ya ambulensi, vyote vinaitwa matumizi ya kawaida, na hayo kwa siasa hayana sherehe. Hakuna mtu hukata utepe kwa sababu stima imelipwa. Kwa hivyo MCA akiwa na pesa kidogo ya wadi anajenga, na mwaka ujao anajenga kingine badala ya kumalizia cha kwanza.

Na sisi wananchi tunachangia hii kitu. Kaunti inapaswa kupeleka karatasi ya mkakati wa fedha kwa bunge la kaunti kufikia tarehe 28 Februari na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili, na katikati hapo tunaitwa kutoa maoni. Tunafika, kitabu kinene cha Kiingereza kiko mezani kopi mbili, mtu wa mwisho kukifungua ni yule aliyekibeba. Mzee anasimama anaomba barabara, mama anasimama anaomba darasa la chekechea, kijana anaomba soko lipigwe mabati, soda inazungushwa, tunaenda nyumbani. Sijawahi kusikia mtu akisimama aulize ile dispensari ya mwaka juzi imetengewa wauguzi wangapi na bili ya stima iko ukurasa gani.

Swali lenyewe ni jepesi hivyo, na siku hizi kuna pa kushikia. Tangu 2023 kuna sheria inayoruhusu hospitali na vituo vya afya vya umma vibaki na pesa vinazokusanya na kuzitumia hapo hapo, badala ya ziende akaunti ya kaunti zisubiri kurudi, na zingine hazikuwa zinarudi. Kituo chenu kina kamati, na kwa kamati kuna wakazi wenzenu mnaowajua kwa majina. Waulizeni robo mwaka iliyopita kiliingia ngapi, kilitumia ngapi, na kama pesa ilikuwepo, ile stima ilikatwa kwa nini.