Tumwache Mtoto Ajibu

Wiki iliyopita hapa Wete nilimwona mtoto wa miaka kama minne akirudi dukani na mfuko wa sukari, chenji ikiwa imepungua shilingi mia mbili. Aliyemtuma alimsimamia mlangoni, akamuuliza kwa ukali pesa imekwenda wapi, akarudia kumuuliza kabla mdomo haujafunguka, kisha akamwita mwongo, ilhali mtoto hajasema neno lolote.

Bibi yake alikuwa uani anakuna nazi. Alimwita, "Njoo hapa, babu yangu," akaweka kifuu chini, akamuuliza mara moja tu: "Dukani ulimkuta nani?" Halafu akanyamaza. Ukimya ule ulikuwa mrefu hata mimi nilitaka kuusaidia kwa neno, lakini ndani yake mtoto alikusanya maneno yake, akaeleza kuwa mwenye duka hakuwa na chenji ndogo na amesema wakaichukue jioni.

Nimelifikiria sana jambo lile. Aliyeketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi uso wake huwa sawa na uso wa mtoto, wala mtoto halazimiki kuinua shingo kama anayesomewa hukumu. Tena mtoto wa umri huo huelewa maneno mengi kuliko anayoweza kuyatamka, kwa hiyo jibu analo, ila njia ya kulitoa ni ndefu kuliko yetu.

Wapo watakaosema kwamba kumsikiliza mtoto namna hii ni kumdekeza, na kwamba adabu ya Kizanzibari ni mtoto kunyamaza wakubwa wanapozungumza. Naiheshimu adabu hiyo na nimelelewa nayo. Hata hivyo, kumuuliza mtu swali na kumkatiza anapotaka kujibu ni utovu wa adabu, awe mzee wa barazani au mtoto anayejifunza alifu. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991, unampa mtoto katika kifungu cha 12 haki ya kutoa maoni yake kwa mambo yanayomhusu. Lakini uani kwetu haki hiyo inamtegemea mtu mzima anayeweza kunyamaza kidogo.

Jana binti yangu alirudi kutoka chuo cha Kurani akilia. Nilichutama, nikamuuliza kilichomliza, nikangoja. Alichezea ncha ya mtandio wake kwa muda, kisha akasema amesahau sura aliyohifadhi, na wenzake wakamcheka.