Plagi Kuingia Siyo Ruhusa ya Kuwasha

Jumapili iliyopita tuliimba bila kinanda. Wimbo tuliufanyia mazoezi tangu Kwaresima, sare mpya, wazazi wamejaa. Mpiga kinanda wetu, kijana wa miaka kumi na sita, akachomeka umeme, taa ikawaka kidogo kisha ikazimika, na harufu ya kuungua ikatufikia sote tuliosimama mbele. Tuliimba mikono mitupu. Yule kijana alikaa nyuma ya kinanda kilichokufa mpaka ibada ikaisha, kichwa chini, kana kwamba kosa ni lake.

Kosa si lake. Nataka niliseme hili kwa sauti.

Kinanda hicho ni cha mtumba. Tulichangishana miezi minne, elfu mbili mbili, elfu tano tano, tukaenda Kariakoo. Muuzaji alikijaribu mbele yetu kwa betri kubwa sita, sauti ikatoka safi, tukafurahi. Tulipoulizia adapta, akaingiza mkono kwenye gunia. Ya kwanza ikagoma, ya pili ikapwaya, ya tatu ikaingia. "Hii hapa kaka, imeingia." Tukailipia, tukaondoka.

Fundi alipokifungua kinanda alinionyesha mambo mawili. Adapta tuliyopewa imeandikwa volti 12, chanya katikati, yaani upande wa kujumlisha wa umeme uko kwenye tundu la katikati ya plagi. Kinanda chenyewe, chini ya tumbo lake, kimeandikwa volti 9, hasi katikati. Maandishi yanasomeka bila miwani. Umeme ulizidi, na juu ya kuzidi ukaingia kinyume. Jibu lilikuwa pale pale dukani muda wote, na hakuna aliyekigeuza kinanda kulisoma, si muuzaji wala mimi.

Hiyo "imeingia" ndiyo inayotuunguzia vyombo mji mzima. Plagi ya duara inayoingia kwenye kinanda ndiyo hiyo hiyo inayoingia kwenye ruta, kamera ya ulinzi, redio ya mezani. Inakuambia upana wa tundu, basi. Vinanda vingi vya zamani vya Casio vinataka hasi katikati. Vya Yamaha kwa kawaida vinataka chanya katikati. Na plagi zao ukizishika mkononi huoni tofauti. Kuna kichoro kidogo pembeni ya tundu: nukta ndani ya duara lililoachwa wazi upande mmoja, alama ya kujumlisha huku na ya kutoa kule. Alama iliyoungana na nukta ndiyo ya katikati. Kichoro cha kwenye adapta na cha kwenye chombo lazima vifanane. Kama havifanani, usichomeke, hata muuzaji akuapie.

Volti nazo zilingane. Na kama maandishi yamefutika, hesabu betri upate makadirio: sita za volti 1.5 ni 9, nane ni 12. Ni makadirio tu, maana vipo vinanda vya betri sita ambavyo adapta yake ni ya 12, kwa hiyo hakikisha kwa jina la modeli kabla ya kuchomeka. Yule muuzaji alipanga betri sita kwa mikono yake mwenyewe, halafu akatupa adapta ya 12.

Ampea, yaani kiasi cha umeme ambacho adapta inaweza kutoa, ndizo watu wanaziogopa bila sababu. Kinanda kinachotaka miliampea 850 (elfu moja ni ampea 1) hakiunguzwi na adapta ya ampea 2, kwa sababu kinachota kiasi chake tu. Wasiwasi uwe kwenye ndogo. Ukikipa ya miliampea 300, adapta inachemka, sauti inakatikakatika, na mwisho inaungua yenyewe. Tazama pia kama imeandikwa AC (umeme unaogeuka mwelekeo) au DC (umeme wa mwelekeo mmoja) upande wa kutolea, maana zipo mikisa ndogo, vyombo vya kuchanganya sauti, zinazotaka AC, na DC haiziwashi.

Zile adapta za swichi, za kuchagua volti 3 mpaka 12, mimi nimeachana nazo. Nilipima moja kwa mita: imewekwa kwenye 9, inatoa 13 ikiwa haijaunganishwa na chombo. Na mtoto akiigusa ile swichi wakati wa kufagia, hakuna atakayejua.

Vyombo vya Japani ni msiba mwingine. Kule umeme wa nyumbani ni volti 100, Marekani 120, kwetu 230. Amplifaya nzuri, nzito, ya kioo na mishale, inachomekwa ukutani moja kwa moja na kufa siku hiyo hiyo. Geuza nyuma usome. Ikiwa ni 100 peke yake, nunua transfoma ya kushusha, yenye wati nyingi kuliko zinazotajwa kwenye chombo, na uihesabu kwenye bei kabla hujatoa pesa.

Najua wauzaji watasema mizigo inashuka kwenye kontena imechanganyika, adapta zimetengana na wenyewe, na wateja wenyewe wanataka bei ya chini. Sawa, nakubali. Siwadai adapta ya kiwandani. Nadai kimoja tu: kabla hujamkabidhi mtu chombo, kigeuze umsomee kilichoandikwa. Na kama adapta inayofaa huna, mwambie huna. Tungekwenda duka la jirani, au tungepiga kwa betri Jumapili mbili tatu huku tunatafuta. Betri sita ni ghali, lakini kinanda kingekuwa hai.

Fundi anasema kinaweza kupona. Anatafuta vipuri, na ametuomba tumpe wiki mbili.

Jumatano baada ya mazoezi tulitoa adapta zote zilizo kwenye kabati la kwaya, kumi na moja, tukazimwaga mezani. Yule kijana alichukua plasta nyeupe na kalamu ya wino mzito. Akawa anasoma moja moja kwa sauti, volti, ampea, katikati nini, mimi nashika tochi, yeye anaandika na kubandika. Yenye volti 9 na hasi katikati ilikuwa moja. Ilikuwa kabatini muda wote.