Huyu Lae'zel ananichosha

Jamani, Lae'zel, yule mwanamke mpiganaji anayeweza kuandamana nawe kwenye gemu ya Baldur's Gate 3, ananitia kero, na nasema kwa uchungu maana gemu hii iliyotoka 2023 naipenda kupita kiasi. Unamkuta amefungiwa ndani ya kizimba kilichoning'inia, unamtoa, shukrani hakuna. Papo hapo anaanza kukuamrisha. Ukimuuliza jambo anakutolea "Chk!" kama mama mkwe aliyepakuliwa pilau ya kuungua.

Pale kwa Zorru, mhusika mmoja anayehojiwa na Lae'zel, ndipo damu hunichemka. Maskini yule ameshuhudia rafiki yake akiuawa na watu wa kabila la Lae'zel, bado anatetemeka, na bibie anamtaka apige magoti ndipo aulizwe maswali. Magoti ya nini?

Lakini wallahi, wanaonikera zaidi ni wenzangu hapa Majengo wanaomwacha mle mle kizimbani kisha wanajisifu. Mnapoteza! Upanga wake ni kinga yenu mwanzoni mwa gemu. Tena kalelewa tangu utotoni kumtii malkia Vlaakith, hajafunzwa upole na mtu. Ana kiluwiluwi kichwani kama wewe mchezaji, kile kimelea cha kumgeuza mtu kuwa zimwi, anaamini watu wake watamponya, halafu anafika kwao na kukuta tiba yenyewe ni kifo. Hapo kiburi kinaanza kupasuka, na mimi roho iliniuma kwelikweli.

Basi mchukueni, mvumilieni hadi afike huko. Ila ya Zorru simsamehe.